Upande wa Kushoto wa Ng'ombe

Kofi la kwanza nililila kabla sijatua mzigo. Ndiyo kwanza tulikuwa tumeshuka kwenye lori, mimi na mama, godoro kichwani kwangu na sufuria tatu mkononi, nikamsimamisha mwanamke mmoja wa makamo aliyebeba ndoo nimwulize njia ya kwenda kwa wale watu wa machinjio. Akaitua ndoo. Akanitazama usoni taratibu, kama anasoma tangazo la kazi, halafu akanizaba. Sufuria mbili zikaenda chini. Godoro, kwa heshima zake, likabaki kichwani.

"Hilo si lako," akasema. "Ni la baba yako. Nimekaa nalo miaka ishirini na minne."

Kisha akaziokota sufuria, akazipangusa vumbi, akamkumbatia mama ambaye hakuwahi kumtia machoni, akatangulia kutuonyesha njia. Ndivyo nilivyojuana na shangazi yangu.

Baba hakuwa mtu wa kusimulia habari za kwao. Ukimwuliza alikotoka, alinyoosha kidevu upande wowote ambao uso wake ulikuwa umeelekea, na ukimwuliza tena alikuuliza kama umeshachota maji. Alikuwa mlinzi wa ghala huko jijini, na sisi tuliishi kwenye chumba cha mlinzi, ubavuni mwa geti. Alipofariki, mlinzi mpya alikuja na godoro lake, akasimama mlangoni kwa adabu kabisa akisubiri tutoe letu. Mama miguu yake imevimba siku nyingi, hawezi kazi ya kusimama, na hatukuwa na pengine pa kwenda. Akasema tunarudi kwao baba. Nikamwambia anayerudi ni yule aliyewahi kufika. Akaniambia nibebe godoro.

Nyumba ya babu ilikuwa vyumba vinne vilivyopangwa mstari mmoja, ua mbele, bomba la maji katikati ya ua, na harufu ya mafuta ya ng'ombe ambayo ukikaa nayo dakika kumi unaacha kuisikia, wenzako wanaanza kuisikia kwako. Babu alishakufa. Bibi alikuwepo, mdogo, mkavu, hatoki kitini. Na alikuwepo baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye sasa ndiye mkubwa wa machinjio: kifua kama kabati, na mkono wa kushoto wenye gumba na kidole cha shahada tu. Mji mzima ulimwita Saba, kwa hesabu ya vidole vilivyobaki. Walimwita hivyo hata mbele ya uso wake, na aliitika.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanipa kikombe cha maji. Nikakipokea kwa kushoto, maana mimi ni wa kushoto tangu kuzaliwa, na wala sikuwaza. Kikombe hakikufika mdomoni. Ngumi ilinipata chini ya jicho, nikakaa chini bila kukaribishwa. Mama akajitupa katikati yetu na miguu yake ileile mibovu. Bibi hakusogea. Alikuwa anautazama mkono wangu tu, kama mtu aliyeona jirani yake wa zamani akipita.

"Na huo mkono amekuachia," baba mkubwa akasema. Hakuwa amekasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Masharti aliyatoa hapohapo, mimi bado nimekaa sakafuni. Chumba cha mwisho kilikuwa cha baba, hakijalaliwa na mtu tangu aondoke. Mama angekaa humo mpaka achoke mwenyewe, ila mimi nisimame machinjioni mahali pa baba, ng'ombe kati yangu na yeye, na kabla Jumamosi haijaisha niwe nimetoa ngozi moja safi isiyo na tobo. Kwa mkono wa kulia. Nisipoitoa, Jumapili asubuhi lori lilelile. Mama akanitazama, akatazama kitanda cha kamba kilichokuwa kinaonekana kupitia mlango ulio wazi. Nikasema sawa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na maishani mwangu sikuwa nimewahi kuchuna hata sungura.

Kazi yenyewe iko hivi. Mchinjaji akishamaliza yake, ng'ombe analazwa chali sakafuni, miguu juu. Ngozi inapasuliwa kwa mstari mmoja toka kidevuni hadi mkiani, na wachunaji wawili wanasimama wakitazamana, kila mmoja na upande wake. Wote wakitumia mkono wa kulia, visu haviwezi kukutana: kulia kwangu ni mkiani, kulia kwako ni shingoni. Lakini mmoja akiwa wa kushoto, visu vyote viwili vinahamia upande mmoja, na hapo vidole vinakuwa vingi kuliko nafasi. Kwa hiyo pana sheria. Yeyote anayerudisha kisu kwenye ule mstari wa tumbo lazima atamke neno moja: kati. Ukisikia kati, unatoa mkono. Ukiambiwa na usitoe, kitakachokatika ni chako na hakuna wa kukupa pole.

Baba mkubwa alikuwa na sheria yake ya ziada, ya kwangu peke yangu. Tobo moja, ngumi moja.

Jumanne nilitoa ngozi yenye matobo manne. Ngumi alizigawa papo hapo, bila haraka, kisu kikiwa bado kwenye mkono mwingine: ubavu, ubavu, bega, sikio. Wachunaji wengine waliacha kazi ili wahesabu. Walishaanza kuniita Msomi, baada ya mmoja wao, jitu la miraba minne, kuniuliza niliishia darasa la ngapi nami nikamjibu kwa majivuno kuwa nimemaliza sekondari. Nikawaambia ngozi ile isitupwe, inafaa kwa viatu vya watu wanaotoka jasho miguuni. Wakaangua kicheko. Baba mkubwa akaniongeza ya tano, ya utani.

Machinjio huanza alfajiri, na ikifika saa nne asubuhi sakafu imeshaoshwa. Mchana wote nilikuwa huru, basi nikawa natembea na uso wangu uliovimba, nautafuta mji wa baba. Haukuwa mkubwa. Barabara moja ya lami iliyokatikia njiani, soko lenye paa la bati, shule yenye ukuta wa manjano, kituo cha polisi ambacho mbuzi alikuwa amelala kizingitini kwake na hakuna aliyemruka. Lakini kila mtaa ulikuwa na baba yangu wake. Kwa fundi viatu, baba alimkata kaka yake kwa shoka. Kwa muuza mkaa, alimkata kidole kimoja kwa siku, siku tatu mfululizo, akipumzika mchana. Mwalimu mmoja mstaafu alinihakikishia kuwa baba aliondoka na vidole vyenyewe mfukoni, na akaniuliza kwa sauti ya chini kama tulivikuta kwenye vitu vyake. Nikamwambia tulikuta viwili tu. Mzee wa watu akashika kifua, ikabidi nimtafutie kiti.

Kinyozi naye alikuwa na hadithi yake, akaishikilia mpaka wembe ukafika kooni kwangu. Alikaa dawati moja na baba. Siku ile, akasema, baba alikuja mbio hadi mlangoni pa kinyozi, damu imefika kiwiko, akaomba maji anawe. Kinyozi akamfungia mlango.

"Ningempa," akasema, "lakini nilikuwa na mteja kitini."

Wembe ukatulia palepale. Nikamkumbusha kwamba hata sasa anaye mteja kitini, na mteja angependa kurudi nyumbani na koo lake. Alicheka mpaka akanichanja kidogo.

Siku hiyohiyo, wakati wa chakula, niliona pete ya chuma imepigiliwa kwenye ubao wa meza. Nikadhani ni ya kufungia mbuzi, ingawa mbuzi anayekula mezani sikuwahi kumsikia. Bibi akaniambia ni ya mkono wa baba. Babu alikuwa akiufunga hapo kwa kamba kila mlo, tangu baba akiwa na miaka mitano hadi alipoota ndevu, ili azoee kula kwa kulia. Siku alizoufungua mkono alipigwa kwa kamba ileile. Bibi alinieleza haya kwa sauti ya mtu anayesimulia jinsi walivyonunua meza. Baba mkubwa aliendelea kutafuna. Mama akakiondoa kijiko changu kwenye mkono wa kushoto, akakihamishia kulia.

Jumatano matobo matano. Alhamisi matatu, na la tatu liliondoka na jino langu la pembeni, nikalitemea kwenye mfereji pamoja na damu ya ng'ombe. Ijumaa matobo mawili. Upande wa ngozi nilikuwa napata nafuu. Mwili ndio ulikuwa unatoboka. Nikikohoa nilisikia mbavu zangu zikisemezana. Mkono wa kushoto, ambao ungemaliza kazi ile kwa siku moja, ulikuwa umekaa pale unavuta ngozi tu kama kibarua.

Ijumaa hiyo shangazi aliniita kwenye beseni lake. Kazi yake machinjioni ilikuwa kuosha utumbo. Akanipaka chumvi kwenye mdomo uliopasuka, nikarukaruka, akaniambia nitulie kwa sababu anataka kuniambia jambo na hataki kulirudia.

Siku ya vidole alikuwa na miaka kumi na sita, na alikuwa amesimama palepale tulipo. Ndugu wawili walikuwa wanashindana, fahali mmoja, kila mtu upande wake; atakayechelewa ataosha sakafu. Babu alikuwa nje anazungumza na mnunuzi wa ngozi. Baba akatumia nafasi hiyo, akahamishia kisu kushoto. Shangazi alisema hajawahi kuona ngozi ikiachana na nyama vile. Ilikuwa kama unavuta shuka kitandani. Saba akaona anaachwa. Akavusha ule mkono usio na kisu mpaka upande wa mwenzake, akaikunja ngozi ili kisu kiitoboe.

"Baba alisema kati?" nikamwuliza.

"Maji yalikuwa yanamwagika kwenye beseni, mwanangu. Sikusikia. Mkono niliuona ukivuka, hilo naweza kuapa. Nikaenda nikamwambia babu yako." Akagusa sikio lake la kulia. "Alinipiga hapa kwa mpini wa shoka. Hili sasa ni pambo. Na baba yako akaondoka hivihivi, hata kuniaga hakuniaga."

Akarudi kwenye utumbo wake. Nilibaki nimesimama, chumvi inaniunguza, nikiwaza kwamba familia hii ukitaka kujua historia yake usiulize, hesabu viungo vilivyopungua.

Jumamosi mama alikuja mwenyewe machinjioni. Akakaa kwenye jiwe langoni na mzigo umeshafungwa, sufuria juu ya mzigo. Alikuwa ameniona kila siku nikirudi, na alijua kuhesabu matobo.

Siku ya soko hapakosi fahali mkubwa, na siku hiyo alikuwa mweusi, mnene, ngozi imekaza tumboni. Wakamlaza. Baba mkubwa akachukua upande wake, mimi wangu. Nikaanza kwa kulia, na shubiri ya kwanza tu nikahisi ncha ya kisu inaanza kuingia mahali isipotakiwa. Tobo lilikuwa linakuja. Nikaona lori, nikaona mama anapandishwa kwa kusukumwa. Nikasimamisha kisu, nikakihamishia kushoto.

Kelele za machinjio zikakatika. Hata yule aliyekuwa anapasua vichwa aliacha shoka hewani.

"Rudisha," baba mkubwa akasema.

"Wa kulia umechoka, Baba mkubwa. Wiki nzima umefanya kazi, na umepigwa peke yake."

Alipiga hatua kunifuata, lakini wachunaji wakaanza, mmoja, wawili, mwache tuone, mwache bwana tuone. Akarudi. Akainama na kisu chake, tukaanza.

Sijui kama nitaeleza vizuri. Siku nne nilikuwa nimeandika kwa mguu, sasa nikapewa kalamu. Kisu kilikuwa kinakwenda chenyewe, kinateleza kwenye ule utando mweupe kati ya ngozi na nyama, kinatoa sauti ndogo kama ya karatasi, na ngozi inaanguka upande inajikunja yenyewe. Nilipita paja, nikapita tumbo, nikapita mbavu. Wanaume wakaanza kupiga miluzi. Nikamsikia baba mkubwa akihema. Visu vyetu sasa vilikuwa upande mmoja, kifuani, karibu sana, kiasi kwamba jasho lake lilidondoka kwenye mkono wangu. Nilikuwa nimemwacha kwa kipande kizima. Kilichobaki kilikuwa kurudi kwenye mstari, nifungue kifua, nimalize.

Wanaosimulia mtaani hapa wanapaharakisha. Mimi nitakwenda polepole.

Nilisema kati. Nilisema kwa sauti, mama alisikia kule langoni. Kisu kilikuwa bado hakijaanza. Mkono ukavuka, gumba na shahada, ukaikamata ngozi yangu na kuikunja. Niliuona. Niliona kucha, niliona na weusi wa damu uliokauka chini ya kucha. Muda ulikuwepo. Haukuwa mwingi, wa kupiga chafya labda, lakini ulikuwepo, na ndani yake nilizihesabu mbavu zangu, na jino, na ule mzigo uliofungwa. Halafu nikakata.

Hakulia. Alinipiga na mpini wa kisu kwenye paji la uso, nikaona weupe, nikamwangukia fahali, baba mkubwa akaniangukia mimi, na kwa muda tulikuwa pale juu ya tumbo la mnyama tukitafutana koo. Alinikaba kwa mkono uliokatika, damu yake ikaniingia mdomoni, ya moto. Nikamng'ata begani mpaka meno yakakutana. Sikujua kama bado nina kisu. Baadaye niliambiwa shangazi ndiye aliyekikanyaga na kukisukumia kwenye mfereji. Iliwachukua wanaume wanne kutuachanisha, na wawili kati yao waliondoka wakichechemea. Kidole cha shahada kilikuwa kimelala juu ya ngozi, kimenyooka, kinaonyesha langoni.

"Alisema kati," mmoja akasema.

"Alisema. Tumesikia sote."

Baba mkubwa aliwatazama mmoja mmoja. Sheria ilikuwa ya kwake, aliisimamia miaka yote; sasa ilikuwa imemkalia kifuani. Wakamfunga mkono kwa shati, wakampeleka hospitali. Wengine wakamalizia fahali, wakaitoa ngozi nje, wakaishika pembe nne kuelekea juani. Mwanga haukupita hata wa sindano. Mama aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akainama, akaanza kufungua fundo la mzigo wake.

Baba mkubwa alirudi Jumapili mchana, bandeji hadi kiwiko. Mji haukuwa umepoteza wakati: toka kituo cha lori hadi nyumbani alikuwa ameshaitwa Sita mara tatu. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu uani. Nilikuwa na jicho moja tu linalofunguka, nikamwekea hilo. Nikajiandaa kupigwa, maana mkono wa kulia alikuwa nao mzima.

"Uliniona," akasema.

"Nilisema kati."

Akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka, na ningependa iwe mara ya mwisho.

"Hata yeye alisema hivyohivyo. Na sauti ni hiyohiyo."

Nikamwuliza kwa nini basi hakuusema ukweli miaka yote hiyo, wakati baba anazeeka kwenye geti la watu.

"Niseme nini? Kwamba nilivusha mkono? Na yeye aje aseme nini, kwamba aliuona?" Akasimama, akakisukuma kiti kwa mguu. "Mwambie mama yako atoe vitu vyake kwenye mzigo vyote, asiache nusu. Kesho usimame upande wako. Tumia mkono unaoutaka."

Mama alitundika pazia siku hiyohiyo. Akapata na msumari wa kutundikia picha ya baba, akaniuliza kama imekaa sawa, nikamwambia imekaa sawa. Aliimba wakati anafagia. Jambo moja tu hakuniuliza, na naona hataniuliza, kwa sababu chumba ni kizuri na miguu imeanza kupungua uvimbe.

Jumatatu mbele yangu aliwekwa lile jitu la miraba minne lililoniuliza darasa. Tulifika kifuani, nikasema kati, sauti ya kawaida tu. Jitu likatoa mikono yote miwili kwa pamoja na kurudi nyuma, kisu chake kikaanguka sakafuni. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwanza vidole kumi mtu mmoja ni tamaa. Mzaha wa kawaida. Wote walicheka, na walianza kucheka kabla sijaumaliza.